Kahawa Niliyoiandika Kwenye Daftari la Dawa

Wiki iliyopita mmoja wenu alituma picha kwenye grupu letu la wauguzi. Kopo la kahawa isiyo na kafeini, limepigwa vizuri juu ya kitambaa cheupe, na chini yake maneno: "Habari njema kwa wagonjwa wa presha." Wenzake wakamwekea vidole gumba na makopakopa. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu Kiwalani, mwezi wa tatu tangu nistaafu. Niliandika jibu, nikalifuta. Nikaandika jingine, nalo nikalifuta kwa sababu lilikuwa na matusi. Hili ndilo la tatu, na matusi nimejitahidi kuyapunguza.

Siku mliyoniaga kwa keki mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Nadhani mlitaka mambo ya kuchekesha, na yapo. Vyeo sitavigusa; havikuwa vingi na havikunifundisha kitu. Nitaanzia mwanzo, halafu nitafika kwenye hilo kopo lenu.

Nilianza kazi kwenye zahanati moja Kawe, nimetoka Masasi na begi moja na sare mbili. Aliyenipokea ni Sista Philomena, mtu wa Bukoba, mfupi wa kimo na mfupi zaidi wa subira. Asubuhi ya kwanza alinipa bibi mmoja nimpime presha. Nikaona zebaki imepanda nikashtuka, nikatoka mbio kumwita daktari. Sista Philomena akanidaka mlangoni.

"Unakimbilia wapi?"

"Presha ya bibi, sista. Iko juu sana."

"Umemuuliza amekunywa nini tangu aamke?"

Sikuwa nimemuuliza. Wala sikuwa nimemuuliza kama ametembea, wala kama amebanwa na haja ndogo. Bibi alikuwa amekunywa kahawa vikombe vitatu, amekuja kwa miguu, na alikuwa anaona haya kuuliza choo kiko wapi. Tulimpeleka chooni, tukamkalisha nusu saa ametulia, mgongo umeegemea, mkono uko mezani. Nikampima tena, na nambari ilikuwa ya kawaida kwa umri wake.

"Hukumpima bibi," Sista Philomena akaniambia mbele ya watu wote. "Umepima kikombe chake."

Nilichekwa mpaka saa ya chakula. Lakini tangu siku hiyo sikuwahi kumfunga mtu mkanda mkononi bila kumuuliza amekunywa nini. Nawaona nyie siku hizi mnampima mtu amesimama, anaongea na simu, halafu mnaandika nambari kwa mwandiko mzuri. Mwandiko mzuri wa nambari ya uongo.

Mashine yetu ilikuwa ile ya zebaki, kwenye kisanduku cha chuma. Sista Philomena aliifuta kila jioni kwa pamba na spiriti, na hakumwazima mtu, hata daktari. Zenu za betri ni nyepesi, sikatai, ila betri ikichoka mashine haisemi kuwa imechoka. Inatoa nambari tu, haina haya.

Kitu kingine alichonifundisha ni daftari. Mnajua wagonjwa wetu wa presha na sukari wanatembea na madaftari yao, yale ya shule, na kila mwezi tunaandika humo. Sista Philomena aliyaheshimu madaftari yale kuliko vyeti vyetu. "Wewe unamwona mgonjwa dakika tano kwa mwezi," alikuwa akisema. "Siku zilizobaki yuko na daftari." Kabla sijafika pale, mama mmoja alibadilishiwa dawa, akawa anameza ya zamani na mpya pamoja, mpaka akaanguka sokoni. Baada ya hapo Sista Philomena akaweka utaratibu: dawa ikibadilika, andika mstari mpya chini kabisa, na mwambie mgonjwa afuate mstari wa mwisho tu. Ya juu yote imekwisha.

Utaratibu ulikuwa mzuri. Niliubeba nilipohamishiwa Temeke, nikawafundisha wagonjwa wangu, nikawafundisha na nyie. Asubuhi za kliniki ya presha, kabla hatujaanza kupima, nilisimama mbele ya mabenchi nikawauliza, "Tunafuata mstari gani?" Nao wote wakaitika, "Wa mwisho!" Wazee kwa vijana, waliosoma na wasiosoma. Nilijivunia sana ile sauti. Nawaambia hili ili mjue ujinga haukuwa wao.

Sehemu kubwa ya wanaume wa kliniki ile walikuwa mafundi seremala wa Keko. Ungewajua kwa vumbi la mbao kwenye nyusi. Mmoja wao alikuwa Mzee Selemani, mtu wa Newala, fundi wa vitanda. Vichwa vya vitanda vyake alivichonga majani na maua kwa mkono, na watu walitoka Kinondoni kuja kumngojea yeye hata kama karakana za jirani zilikuwa na vitanda tayari. Presha yake tuliikamata mapema. Alimeza vidonge vyake bila kukosa, tarehe ya kliniki hakuikosa, na mkewe, Bi Somoe, alimfutia vumbi begani kabla hajaingia chumbani kwangu. Ningekuwa na wagonjwa kumi kama yeye ningestaafu bila mvi.

Shida yake ilikuwa kahawa. Moyo ulimwenda mbio, usingizi haukuja, mikono ilimtetemeka, na kwa mchonga maua hilo ni jambo kubwa. Nikamuuliza lile swali la Kawe. Asubuhi vikombe vitano, baada ya alasiri vinne au vitano tena.

"Punguza, mzee."

"Sista, hiyo ngumu," akasema. "Pale kijiweni mtu ananunulia benchi zima. Kikombe kikinifikia nikikikataa, watasema Selemani anaringa. Au watasema nina ishu na aliyenunua. Mie na watu wale tunaazimana misumeno."

Wengine wangemwona mbishi. Mimi nilimwelewa. Nimeliona benchi lile: muuza kahawa anamimina, kikombe kidogo kinazunguka, kashata inavunjwa, na hapo ndipo mtu anajua nani kafiwa, nani ana mbao nzuri, nani anaumwa. Kumwambia mwanaume wa Keko aache kahawa ni kumwambia ahame.

Ndipo kopo likaja. Jamaa mmoja wa mauzo, shati limepigwa pasi mpaka linakata, alifika kwa mganga mfawidhi wetu na makatoni ya kahawa isiyo na kafeini na bango lenye moyo mwekundu unaotabasamu. Mganga mfawidhi akafurahi sana. Sijui alifurahishwa na nini, na sitaki kujua. Alichofanya ni kuagiza makopo yale yapangwe dirishani, pale pale tunapogawia vidonge. Nilimuuliza, "Daktari, mbona kwenye dirisha la dawa?" Akanijibu, "Sista, ni bidhaa ya afya." Nikanyamaza. Hasira yangu ya kwanza ni hiyo, kwamba nilinyamaza.

Sasa niwaambie ninachokijua kuhusu kinywaji hicho, maana kwenye grupu naona mmegawanyika, wa "ni dawa" na wa "ni sumu", na nyote mnanikera sawasawa. Kahawa isiyo na kafeini ni kahawa. Buni imetolewa sehemu kubwa ya kafeini kabla ya kukaangwa. Si yote, kidogo hubaki, na mtu mwepesi wa kafeini akinywa birika zima anaweza kuihisi. Anayekoseshwa usingizi na kahawa, anayetetemeka, ambaye moyo humwenda mbio, huyo anapata nafuu ya kweli. Mjamzito aliyeambiwa apunguze kafeini inamfaa. Na vile vitu vingine vya kwenye buni, vinavyodhaniwa kulifaa ini na kupunguza uwezekano wa kupata kisukari, vingi hubaki humo humo. Hayo ndiyo mazuri yake na siyakatai.

Upande wa pili mnausahau kwa sababu haukuandikwa kwenye bango. Mwenye kiungulia asijidanganye, tumbo linaweza kuchokozwa na kahawa yenyewe hata bila kafeini. Ukiinywa pamoja na chakula inapunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini, kwa hiyo mama mwenye upungufu wa damu asubiri kwanza chakula kishuke. Aliyezoea kafeini akiiacha ghafla ataumwa kichwa siku kadhaa, na tafadhali msimwambie ni malaria. Zipo zinazotolewa kafeini kwa maji na zipo zinazotolewa kwa kemikali; kinachosalia huwa kidogo sana, hakuna haja ya kutisha watu, lakini anayeuliza ajibiwe bila kusonywa. Na ukitia sukari vijiko vinne hapo tumerudi tulikotoka. Sasa tafuteni humo nilimoandika wapi pamesemwa kuwa inatibu presha. Kinywaji kinachokupunguzia mtetemo hakikushushii presha ya miaka. Mtu wa presha anakunywa kahawa yake hiyo, na vidonge vyake anameza vile vile.

Haya yote niliyajua. Wala msidhani niliyasoma baadaye.

Mzee Selemani alipokuja mwezi ule nilimchukulia kopo dirishani kwa mkono wangu. Nilifurahi kweli, niseme ukweli. Niliona nimempata: atatia kahawa yake kwenye chupa ndogo ya chai, ataenda nayo kijiweni, atakaa na wenzake, hatakataa kikombe cha mtu kwa sababu chake anacho. Nikalifungua daftari lake. Chini ya mstari wa vidonge nikaandika, kwa mwandiko ule ule na wino ule ule, "Kahawa isiyo na kafeini, kikombe 1x2." Moja mara mbili. Hivyo ndivyo tunavyoandika dawa, na mkono wangu ulikuwa umeandika hivyo miaka yote hiyo, ukaandika na kahawa.

Mwezi uliofuata hakuja. Nikasikia kwa mafundi wenzake kuwa mzee yuko safi, analala, mikono imetulia, anachonga kuliko zamani. Walimcheka kwa kichupa chake mpaka wakachoka. Nikasema vizuri. Sikumtafuta.

Bi Somoe ndiye aliyekuja, mwezi mwingine tena, siku ambayo haikuwa ya kliniki. Khanga ilikuwa imemshuka begani na hakuwa na habari nayo. Mumewe alikuwa ameanguka karakanani akiwa na randa mkononi, upande wa kulia wote umelegea, mdomo umekwenda kando, na alikuwa amelazwa hospitali. Akaweka daftari mezani kwangu. Juu ya daftari akaweka mfuko wa vidonge tulivyompa siku ile ile ya kopo. Vilikuwa vimejaa.

"Bi Somoe, mbona hakumeza?"

"Ameze vipi tena?" Alinishangaa mimi. "Si mlimbadilishia? Dawa ya mwisho kahawa. Kila siku asubuhi namtengenezea, jioni namtengenezea. Hajakosa hata siku moja, sista. Hata siku moja."

Nikalitazama daftari. Mstari wa mwisho.

Kulikuwa na kikao. Mganga mfawidhi aliandika taarifa kuwa mgonjwa "hakufuata maelekezo ya wahudumu". Nikasimama.

"Daktari, huyu mtu amefuata. Ameyafuata yote. Mwandiko huu ni wangu na dirisha lile ni lako."

Hakupandisha sauti. Alinisogelea akaniambia taratibu, "Sista Mwanaidi, umebakiza muda mfupi ustaafu. Usijitafutie makubwa. Mzee mwenyewe yuko hai."

Jioni ile niliyabeba makopo yote yaliyobaki dirishani nikayarundika juu ya meza yake ofisini, juu ya makaratasi yake, na bango nikalikunja nikalitupia juu. Mlinipigia makofi kwenye korido, mnakumbuka? Mmekuwa mkiisimulia ile hadithi kama ushujaa wa Sista Mwanaidi. Kwenye sherehe ya kuniaga aliisimulia mshereheshaji, nanyi mkapiga vigelegele. Kitu ambacho hakuna aliyekisimulia, kwa sababu hamkukijua, ni kuwa taarifa ile niliitia saini. Asubuhi ya pili yake, kabla hamjafika kazini. "Mgonjwa hakufuata maelekezo," na chini yake jina langu.

Kwa hiyo nilipoona picha ya kopo kwenye simu, na makopakopa yenu, sikuwakasirikia nyie peke yenu. Nilimkasirikia jamaa wa shati, na mganga mfawidhi, na moyo mwekundu unaotabasamu, na mwanamke mmoja mwenye kalamu. Juzi nikajifunga khanga nikaenda Keko.

Mzee Selemani alikuwa amekaa nje ya karakana yake kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe zamani. Mkono wa kulia aliuweka pajani, umekunjika. Kwa wa kushoto alikuwa anapiga msasa mguu wa kitanda cha mtu mwingine. Kazi ya kuchonga haifanyi tena. Mdomo umerudi kiasi, maneno yanatoka polepole lakini yanaeleweka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, sista. Somoe! Mgeni wetu huyu."

Niliwaambia yote. Nilisema kosa halikuwa lake, lilikuwa mwandiko wangu. Nilisema na saini. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na niwaambie ukweli, nilitaka kutukanwa. Mzee akaendelea kupiga msasa.

"Siku ile watu walikuwa wengi," akasema. "Ulikuwa umechoka."

"Usimtetee," Bi Somoe akamkata. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni. "Kama anasema, aseme na lile jingine."

"Lipi, Bi Somoe?"

"Alikuuliza. Mie nilikuwa nimesimama pale mlangoni, nimeshika kopo. Alisimama akarudi mezani kwako akakuuliza, 'Sista, na vile vidonge vingine niendelee navyo?' Ukamjibu, 'Mzee, si nimeshakuandikia? Anayefuata nani?' Hata kichwa hukuinua."

Sikumbuki.

Nimekaa na hilo tangu juzi. Nakumbuka rangi ya shati la jamaa wa mauzo, nakumbuka kila neno la mganga mfawidhi, nakumbuka makofi yenu. Asubuhi ile nimeitafuta kichwani toka mwanzo hadi mwisho na swali lake silioni popote. Aliuliza swali lile lile ambalo lingemwokoa, aliuliza vizuri kwa heshima, umbali wa meza moja, na mimi sikumbuki. Na nawajua wagonjwa wetu: mtu akijibiwa hivyo mara moja, harudii.

Nilikuwa nimebeba mashine kwenye mkoba. Nikamwomba mzee nimpime, akakubali. Nikamkalisha vizuri, mkono nikauweka juu ya mguu wa kile kitanda, nikasubiri. Nikampima mara mbili. Ilikuwa juu kidogo, si sana. Nikaangalia vidonge vyake, anavimeza. Nikaandika daftarini vidonge peke yake. Kisha nikaiweka kalamu chini, nikamtazama usoni, nikamuuliza kama ana swali lolote.

Akasema hana.